Vali ya moyo haivuji peke yake: kwa nini maabara hujenga mioyo ya majaribio

Mgonjwa wa moyo akitoka kwenye chumba cha eko, kile kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, hapa Lubumbashi, huwa amebeba karatasi yenye mistari michache ya Kifaransa na tarakimu moja inayowatia hofu watu wa nyumbani: vali inavuja, daraja la 3 kati ya 4. Swali la kwanza, iwe ni mtaa wa Katuba au wa Kamalondo, huwa lilelile: tundu lina ukubwa gani? Ni swali la haki kabisa. Tatizo ni kwamba vali ya moyo haina tundu la kudumu ambalo mtu angelipima leo na kulikuta vilevile kesho. Damu inayorudi nyuma huongezeka na kupungua kufuatana na presha, upana wa chumba cha moyo, mvuto wa kano zinazoishikilia vali, hata dawa ambayo mgonjwa amemeza asubuhi.

Kwa sababu hiyo wahandisi na madaktari wa moyo wamekuwa wakijenga mioyo ya maabara. Mingine ni ya plastiki angavu na silikoni, mingine ni ya nguruwe halisi inayosukumwa na mashine. Ukisikia kwa mbali unaweza kudhani ni vitu vya kuchezea vya nchi tajiri. Mimi naamini ni miongoni mwa zana zenye manufaa makubwa katika ugonjwa huu, na kwamba ukielewa zinavyofanya kazi utaielewa pia ile karatasi ya eko.

Mlango wenye sehemu tano

Moyo una vali nne. Inayozungumzwa zaidi katika habari za kuvuja ni vali ya mitrali, iliyo upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka kwenye mapafu na chumba cha chini kinachoisukuma damu hiyo mwilini. Ni mlango wa mbawa mbili. Hufunguka damu ikishuka, hufungwa chumba cha chini kikikaza, na hurudia kazi hiyo mara 100,000 hivi kwa siku.

Wenye forage uani, yaani kisima kirefu cha pompe, wanaijua klape, kile kidude cha kwenye bomba la pompe kinachoyaachia maji yapande na kuyazuia yasirudi. Klape ikichakaa, pompe huzunguka kama kawaida na umeme huliwa kama kawaida, ila maji yanayofika kwenye tangi hupungua. Kazi ya vali ya mitrali ni hiyo hiyo. Ujenzi wake ndio tofauti: klape ni chuma na mpira, ukiitoa na kuishika mkononi unaona ubovu wake wote. Mitrali huwezi kuielewa ukiitazama peke yake, maana kufunga kwake kunategemea sehemu tano. Kuna pete iliyoizunguka, kuna mbawa zenyewe, kuna kano nyembamba zinazozishika mbawa kwa chini zisipinduke kwenda juu, kuna misuli miwili midogo ambayo kano hizo zimefungwa kwake, na kuna ukuta wa chumba cha chini ambao misuli hiyo imeota juu yake. Ubovu wa sehemu yoyote kati ya hizo utaonekana kama kuvuja.

Daktari mpasuaji wa Ufaransa, Alain Carpentier, alilipanga jambo hili mwaka 1983 kwa kuuliza swali jepesi: mbawa zinatembeaje? Kuna vali ambayo mbawa zake hutembea sawasawa lakini pete imepanuka au ubawa umetoboka. Kuna ile ambayo ubawa hutembea kupita kiasi, kwa kuwa kano imerefuka au imekatika. Na kuna ile ambayo mbawa zimezuiliwa, ama kwa sababu zimekakamaa, ama kwa sababu chumba cha chini kimepanuka na kuzivuta kuelekea chini hadi zisifikiane. Hii ya mwisho inashangaza: mbawa ni nzima, kano ni nzima, na bado damu inarudi. Ugonjwa uko kwenye ukuta.

Nimewahi kumsikia mama mmoja akimuuliza daktari wake, "Munganga, moyo yangu imetoboka?" Jibu lilikuwa fupi: "Hapana mama, haikutoboka. Mulango yake tu ndio haifunge muzuri. Na tension ikipanda, inaruhusu damu mingi zaidi." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo, na maabara zimeyathibitisha kwa vipimo.

Hesabu ya damu inayorudi

Chukua moyo unaokaza. Presha katika chumba cha chini inafika milimita 120 za zebaki, wakati chumba cha juu kina milimita 10 hivi. Tofauti ni 110. Kwa kanuni wanayotumia watu wa eko kila siku, tofauti ya presha ni mara nne ya kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo damu inayopenya hapo inakimbia karibu mita 5.2 kwa sekunde. Iwapo mbawa zimeacha uwazi wa sentimita mraba 0.4, kiwango ambacho madaktari hukiita mvujo mkali, na moyo ukakaza kwa sekunde 0.3, damu inayorudi ni kama mililita 62. Moyo wa mtu mzima mwenye afya hutoa takriban mililita 70 kwa pigo moja. Linganisha.

Sasa mtu huyo huyo presha yake ipande hadi 180, uwazi ubaki vilevile. Kasi inafika mita 6.5 kwa sekunde na damu inayorudi inakaribia mililita 78. Hakuna kilichoharibika upya kwenye vali. Na hapo tumedhani uwazi wenyewe haubadiliki, jambo ambalo katika moyo hai si kweli: chumba kikijazwa kupita kiasi, pete hupanuka na mbawa huachana zaidi.

Kuna mtego mwingine katika hesabu hizi, nao umewachelewesha wagonjwa wengi. Kwenye karatasi ya eko huwa kuna asilimia inayoeleza moyo unatoa sehemu gani ya damu iliyomo chumbani kila unapokaza. Watu wakiona 60 wanafurahi. Lakini fikiria chumba kilichopanuka chenye mililita 200, kinachotoa 120 kwa pigo. Ni asilimia 60 sawasawa. Ila kati ya hizo 120, mililita 60 zimeingia kwenye mishipa ya mwili na 60 nyingine zimerudi juu, kuelekea kwenye mapafu. Msuli unaonekana hodari kwa sababu nusu ya kazi yake ni kusukuma damu mahali penye presha ndogo. Siku mvujo ukizibwa, kazi ile rahisi inaondoka na udhaifu wa msuli uliokuwa umejificha unajitokeza. Kwa hiyo madaktari wa moyo hawasubiri asilimia hiyo ianguke sana kabla ya kupendekeza upasuaji. Ikifika 60 au chini yake, kwa mvujo mkali unaotokana na vali yenyewe, tayari wanakuwa na wasiwasi.

Mambo haya yote hubadilika pamoja ndani ya mgonjwa. Ukimpa dawa ya kushusha presha, mapigo nayo yanabadilika. Akipata hofu, mishipa inakaza. Huwezi kumwambia mtu mzima ashikilie kila kitu palepale huku ukimkata kano moja uone itakuwaje. Moyo wa maabara ndipo unapohitajika: unabadilisha jambo moja, mengine yote unayashikilia.

Kutoka kioo cha Leonardo hadi silikoni

Wazo ni la zamani. Mnamo mwaka 1513 hivi, Leonardo da Vinci alimimina nta ndani ya moyo wa ng'ombe, akapata umbo la mzizi wa mshipa mkuu, kisha akabuni kigezo cha kioo chenye umbo hilo. Akapitisha maji yaliyochanganywa na mbegu za nyasi ili aone mkondo. Aliona maji yakizunguka nyuma ya mbawa za vali ya mshipa huo, akaelewa kwamba mizunguko hiyo inasaidia kuzifunga. Ilichukua zaidi ya miaka 450 kabla watafiti wa Oxford hawajalithibitisha jambo hilo kwa vipimo vya kisasa.

Mashine ya leo ya aina hiyo ukiiona mezani haitishi. Kuna pompe ya pistoni inayoendeshwa na mota, kompyuta ikiipangia jinsi ya kukaza na kulegea. Kuna chumba cha plastiki angavu kinachochukua nafasi ya chumba cha chini, na vali inayochunguzwa imefungwa juu yake. Kimiminika si damu, ila maji na gliserini: kadiri ya theluthi moja au zaidi kidogo ya mchanganyiko ni gliserini, kwa kuwa damu ni nzito kutiririka mara tatu hadi nne kuliko maji. Ndani yake hutiwa chembe ndogo sana, leza inapigwa, kamera ya kasi inapiga picha, na kila chembe inasimulia mahali ilipotoka na kasi yake.

Kifaa ninachokipenda zaidi katika meza hiyo ni kile kinachoonekana duni kuliko vyote: chupa iliyozibwa, nusu ina kimiminika na nusu ina hewa. Mishipa mikubwa ya mwili wa binadamu hutanuka moyo unapokaza, kisha hurudi taratibu na kuendelea kusukuma damu moyo unapopumzika. Mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Frank, aliiwekea hali hiyo hesabu mwaka 1899. Hewa iliyofungwa chupani hufanya kazi ya mishipa hiyo. Ukiongeza hewa, mishipa imekuwa ya kijana. Ukiipunguza, imekuwa ya mzee mwenye mishipa migumu. Mbele yake kuna kibano kwenye mpira, na kukikaza ndiko kupandisha presha. Kwa vitu hivyo viwili tu, vali ileile unaweza kuipitisha katika miili ya watu kumi tofauti kabla ya saa sita mchana.

Udhaifu wa mashine hizi ni kuta zake. Chumba cha plastiki hakijikunji, na tumeona kwamba ukuta ni sehemu ya vali. Vali ya silikoni nayo, hata ikitengenezwa kwa printa ya 3D kufuata picha za skana za mgonjwa fulani, hainyumbuki kama nyama. Ni nzuri kwa daktari mpasuaji anayetaka kuliona umbo kabla ya kushika kisu. Kwa kujua nguvu zinavyotembea, haitoshi.

Vali ya nguruwe mezani

Kwa hiyo watafiti walirudi kwenye nyama. Moyo wa nguruwe una ukubwa na umbo linalokaribia wa binadamu, na machinjioni mioyo haikosekani. Katika chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, maabara iliyoanzishwa na Ajit Yoganathan ilitengeneza mashine ambamo vali ya mitrali nzima hushonwa kwenye pete inayoweza kupanuliwa, na misuli yake miwili midogo hufungwa kwenye vijiti vinavyosogezwa kwa milimita. Hapo ndipo lile fumbo la vali nzima inayovuja lilipowekwa wazi. Unachukua vali inayofunga vizuri, unasogeza vijiti nje na chini kama vile chumba kimepanuka, unapanua pete, na vali hiyo hiyo inaanza kuvuja. Virudishe vijiti mahali pake, mvujo unapungua. Hakuna aliyezigusa mbawa.

Watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walikwenda hatua nyingine: walifunga vipimo vidogo vya nyuzi za mwanga kwenye kano moja moja za vali ya nguruwe, wakasoma kila kano inabeba mzigo kiasi gani katika kila pigo. Habari hiyo inamhusu moja kwa moja mgonjwa aliyekatika kano. Daktari anapomwekea kano bandia za uzi wa Gore-Tex, urefu wake ndio kila kitu: ikiwa ndefu, ubawa unaruka tena, ikiwa fupi, unavutwa na haufiki kwa mwenzake. Na mzigo ukielemea kano chache, hizo ndizo zitakazokatika kesho.

Kuna pia mioyo mizima ya nguruwe inayopigishwa nje ya mwili kwa kulishwa damu kupitia mishipa yake, mbinu ambayo Oskar Langendorff aliianzisha mwaka 1895. Inapiga kwelikweli. Ila ndani ya saa chache msuli unachoka na kuvimba, na majaribio yanaisha kabla ya maswali.

Jibu la shida hiyo lilitoka chuo kikuu cha MIT, Marekani, kwa timu ya Ellen Roche, ambayo mwezi Januari 2024 ilichapisha habari za moyo nusu nyama nusu roboti. Walichukua moyo wa nguruwe, wakauondoa ule msuli mnene wa chumba cha chini cha kushoto, wakabakiza sehemu ya ndani na vali yake na kano zake. Mahali pa msuli wakaweka mfumo laini wa silikoni unaojazwa hewa, unaokaza na kujisokota kidogo kama msuli wa moyo unavyojisokota. Nyama iliyobaki ilihifadhiwa ili isioze, hivyo moyo mmoja unaweza kutumika kwa miezi. Halafu wakakata kano makusudi. Ubawa ukapepea, mvujo ukatokea, na vipimo vya presha na mkondo vikaonyesha picha inayofanana na ya mgonjwa. Wapasuaji wakaitwa wajaribu tiba tatu: kuufunga ubawa kwa kano bandia, kubadilisha vali nzima, na kuweka kifaa kinachousaidia ubawa kufunga. Zote tatu zilirudisha presha na mkondo karibu na kawaida. Na kwa kuwa kimiminika kilikuwa angavu, kamera ndani ya chumba iliona kila kitu wakati moyo unapiga. Ndani ya mtu hai, damu huficha yote hayo.

Palipo na ugomvi wa kweli

Mtu anaweza kuuliza kama haya yote yamebadilisha lolote kitandani kwa mgonjwa. Mfano ulio bora ni wa mwaka 2018. Tafiti mbili kubwa zilijaribu kibanio kidogo kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja na kuzibana mbawa mbili za mitrali pamoja katikati, wazo lililotokana na mshono ambao Ottavio Alfieri wa Milan aliuanza mwaka 1991. Utafiti wa MITRA-FR huko Ufaransa haukuona faida. Ule wa COAPT, uliofanyika hasa Marekani, uliona vifo na kulazwa hospitalini vikipungua wazi. Kifaa kilekile, ugonjwa uleule wa mvujo unaoletwa na chumba kilichopanuka.

Madaktari walibishana sana, na hawajamaliza. Maelezo yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni haya: wagonjwa wa Ufaransa, kwa wastani, walikuwa na vyumba vilivyopanuka zaidi na mvujo mdogo zaidi. Kwao mvujo ulikuwa dalili ya msuli uliokwisha kuharibika, na kuuziba hakukurudisha msuli. Wa Marekani walikuwa na mvujo uliozidi upanuzi wa chumba. Kwao mvujo wenyewe ndio uliokuwa unaua. Aliyeona vijiti vya Georgia Tech vikisogea hawezi kushangaa.

Mezani pia ndipo ilipoonekana kwamba ile njia ya eko ya kukadiria mvujo, inayodhani damu hukusanyika mbele ya uwazi kwa umbo la nusu tufe, hupunja pale uwazi unapokuwa mwembamba na mrefu. Na katika moyo uliopanuka, uwazi huwa hivyo mara nyingi. Daraja la 2 kwenye karatasi linaweza kuwa kubwa kuliko linavyosomeka.

Majaribio ya kudumu kwa vali bandia sitayachambua sana. Viwango vya kimataifa hudai vali ya tishu, yaani ya nyama ya mnyama, ifunguke na kufunga mara milioni 200 katika mashine ya kasi, na ile ngumu isiyo ya tishu mara milioni 400, na hizo milioni 400 ni kama miaka kumi ya mapigo. Hapo ni uvumilivu tu unaopimwa.

Vali zisizofanyiwa majaribio

Lakini nina jambo linaloniuma. Takriban mioyo yote hiyo ya maabara huanza na vali nzima ya mnyama mwenye afya, kisha inaharibiwa ili ifanane na ugonjwa wa wazee wa nchi tajiri: kano iliyokatika, chumba kilichopanuka. Kwetu, kijana mwenye vali inayovuja mara nyingi ana ugonjwa mwingine. Aliumwa koo utotoni kwa bakteria aina ya streptokoki, akapata homa ya baridi yabisi, na kinga ya mwili wake ikazishambulia vali zake mwenyewe. Mbawa zake zimenenepa, kingo zimeshikana, kano zimefupika na kugandamana. Vali hiyo haifungi vizuri na wala haifunguki vizuri. Utafiti wa mwaka 1998 kwa wanafunzi wa Kinshasa ulikuta watoto 14 katika kila 1,000 wenye ugonjwa huo, na wengi zaidi katika mitaa ya kimaskini. Sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne huzuia ugonjwa usirudi na kuongeza madhara, ikianzwa mapema. Kwa vali iliyokwisha kukakamaa, familia huuza kiwanja ili mtoto apelekwe India au Afrika Kusini.

Vifaa vingi vya kisasa, kile kibanio kikiwemo, havikutengenezwa kwa ajili ya mbawa kama hizo, na majaribio yake makubwa yaliwaacha nje wagonjwa wa aina hii. Kuibana vali ambayo tayari ni nyembamba ni kuifunga njia.

Kutengeneza kielelezo cha vali ya baridi yabisi kunawezekana. Picha za eko za pande tatu hutoa umbo. Silikoni ya ugumu tofauti humiminwa kwenye kalibu, nene kwenye kingo na laini katikati. Kano hufupishwa kwa makusudi. Pompe, plastiki angavu, gliserini, chupa ya hewa na vipimo viwili vya presha si vitu vya miujiza katika mji wenye kitivo cha ufundi na mafundi wa migodi wanaoishi na pompe kila siku. Betri za kutosha zitahitajika, maana umeme ukikatika katikati ya jaribio vipimo vinapotea. Na swali la kwanza la kuiuliza meza hiyo tayari lipo: vali iliyokakamaa kiasi fulani, yenye uwazi mwembamba na mvujo wa wastani, inarudisha damu kiasi gani presha ikiwa 110, ikiwa 150, na ikiwa 180, kwa mapigo 70 na kwa mapigo 120 kwa dakika? Daktari anayeamua leo dawa ya msichana wa miaka 16 kutoka Ruashi anayahitaji majibu ya hali hizo zote.